Asilimia Tano ya Nani? Jinsi Marekani Inavyopima Kandarasi za Serikali kwa Biashara Ndogo za Jamii za Wachache

Serikali kuu ya Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani. Kila mwaka wa fedha, unaoanza Oktoba 1 na kumalizika Septemba 30, hutumia takribani dola bilioni 700 kununua bidhaa na huduma: ndege za kivita, chanjo, programu za kompyuta, na pia karatasi, milo ya askari, ukarabati wa mapaa na usafi wa vyoo vya ofisi. Ndani ya matumizi hayo kuna kifungu cha sheria kinachotaka sehemu isiyopungua asilimia 5 ya thamani ya kandarasi iende kwa kampuni ndogo zinazomilikiwa na watu waliorudishwa nyuma kijamii na kiuchumi. Kwa lugha ya kila siku kampuni hizo huitwa biashara za jamii za wachache, yaani za Wamarekani Weusi, Walatino, wenyeji wa asili na watu wenye asili ya Asia, ingawa neno "wachache" silo linalobeba uzito katika kifungu chenyewe. Uzito umo katika maneno "waliorudishwa nyuma", na ugomvi wote ulioizunguka sheria hii kwa miongo kadhaa ni ugomvi wa kuamua nani anaitwa hivyo na kwa ushahidi gani.

Asilimia hiyo 5 imeeleweka visivyo pande zote mbili. Wanaoipinga huieleza kama mgawo wa lazima unaomnyang'anya mzabuni bora kazi yake. Wanaoitegemea huiona kama fungu lililotengwa linalosubiri mwenyewe aje alichukue. Na miongoni mwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo waliohamia huko, wakafungua kampuni za usafi, za malori au za kuhudumia wazee majumbani, swali la fungu hilo linapatikana wapi huulizwa mara kwa mara. Jibu ni kwamba hakuna fungu. Kilichopo ni hesabu inayofanywa baada ya fedha kutumika, na pembeni ya hesabu hiyo zipo njia kadhaa za kutoa zabuni, kila moja ikiwa na masharti yake. Anayechanganya hesabu na njia hataelewa kwa nini lengo linaweza kufikiwa mara mbili zaidi huku jirani yake mwenye kampuni halali akikosa hata kandarasi moja.

Hesabu

Malengo yamo katika Sheria ya Biashara Ndogo, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1953. Asilimia 23 ya thamani ya kandarasi ambazo serikali huzitoa moja kwa moja inatakiwa iende kwa biashara ndogo za kila aina. Humo humo ndani, asilimia 5 ni ya waliorudishwa nyuma, asilimia 5 ni ya kampuni za wanawake, asilimia 3 ni ya kampuni zilizoko katika maeneo yaliyokithiri umaskini au ukosefu wa ajira, na sehemu ya maveterani waliopata ulemavu kazini ilikuwa asilimia 3 mpaka ilipopandishwa kuwa 5 kuanzia mwaka wa fedha 2024. Wakala wa Biashara Ndogo, unaojulikana kwa herufi zake SBA, hukaa na kila wizara wakakubaliana kiwango chake, kwa kuwa wizara inayonunua manowari haiwezi kupimwa sawa na ile inayonunua huduma za ushauri na matunzo ya bustani. Mwaka ukiisha takwimu hukusanywa, na kila wizara hupewa alama kama mwanafunzi, kuanzia A+ hadi F.

Wizara iliyofeli haitozwi faini wala haipunguziwi bajeti, na hakuna mzabuni anayeweza kwenda mahakamani akadai kwamba lengo halikufikiwa kwa hiyo alipwe. Lengo la kampuni za wanawake liliwekwa mwaka 1994 likafikiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa fedha 2015, yaani miaka 21 baadaye, na katika muda huo wote hakuna aliyewajibishwa. Lengo la maeneo maskini, lililowekwa 1997, halikufikiwa hata mwaka mmoja katika miongo yake miwili ya kwanza. Kwa upande mwingine, lengo la waliorudishwa nyuma limepitwa mwaka baada ya mwaka: mwaka wa fedha 2023 lilifika asilimia 12.1, takribani dola bilioni 76. Serikali ya Joe Biden ilitaka lifike asilimia 15 ifikapo 2025. Mapema mwaka huo serikali ya Donald Trump ikalirudisha kwenye asilimia 5 iliyoandikwa katika sheria, na watu wengi wakadhani kandarasi zimefutwa. Tangazo lile lilibadilisha kipimo tu. Njia za zabuni zilizomo katika sheria hazikuondolewa nalo. Hata hivyo kipimo si jambo dogo, kwa sababu mkuu wa idara anayejua kwamba anapimwa kwa asilimia 5, naye tayari ana 12, hana tena sababu ya kumhimiza afisa ununuzi wake atafute kampuni mpya.

Namna ya kuhesabu nayo inahitaji kutazamwa kwa makini. Tuseme kandarasi ya dola 1,000,000 imepewa kampuni ndogo ambayo mmiliki wake ni mwanamke Mweusi, mwanajeshi wa zamani aliyejeruhiwa kazini, na ofisi yake iko katika eneo maskini linalotambuliwa na sheria. Dola hizo hizo zitaandikwa katika safu ya biashara ndogo, safu ya waliorudishwa nyuma, safu ya wanawake, safu ya maveterani na safu ya maeneo maskini. Milioni moja imejaza safu tano. Hakuna udanganyifu hapo, kwani mmiliki huyo kweli yuko katika makundi yote hayo, lakini anayesoma ripoti na kujumlisha asilimia za safu atadhani serikali imewafikia watu wengi kuliko iliowafikia.

Tena hesabu hii inahesabu dola, haihesabu kampuni. Katika mwongo ulioanza 2010, idadi ya biashara ndogo zinazoiuzia serikali bidhaa na huduma za kawaida ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja, huku malengo ya jumla yakitangazwa kuwa yamefikiwa. Sababu mojawapo ni sera ya kuunganisha manunuzi: badala ya ofisi 50 kununua kompyuta au huduma za usafi kila moja kivyake, zote huelekezwa kwenye mkataba mmoja mkubwa wenye wauzaji wachache waliochaguliwa mapema, ili bei ishuke na makaratasi yapungue. Kampuni ndogo iliyobahatika kuingia katika mkataba huo hukua haraka. Iliyobaki nje hufungiwa mlango kwa miaka mitano au zaidi. Safu ya dola hupanda kwa sababu ya yule mmoja aliyeingia. Mimi naona hapa ndipo penye kasoro kubwa ya mfumo mzima, kubwa kuliko zile zinazogombewa mahakamani, kwa kuwa katika alama inayopewa wizara idadi ya kampuni zilizofikiwa imekuwa ikibeba asilimia 10 tu.

Jambo lililofichwa na hesabu hiyo lilionekana Desemba 2021, serikali ilipochapisha kwa mara ya kwanza takwimu zilizochambuliwa kwa asili ya wamiliki. Katika mwaka wa fedha 2020, kampuni ndogo za Wamarekani Weusi zilikuwa zimepata chini ya asilimia 2 ya thamani ya kandarasi, na za Walatino vilevile chini ya 2. Lengo la asilimia 5 lilikuwa limepitwa zamani. Sehemu kubwa ya tofauti inaelezwa na makundi mengine, yakiwemo mashirika ya wenyeji wa asili wa Alaska na ya makabila ya Wahindi Wekundu, ambayo sheria imeyapa nafasi pana zaidi: yanaweza kumiliki kampuni kadhaa zilizosajiliwa kwa wakati mmoja, na kandarasi wanazopewa bila ushindani hazifungwi na ukomo ule ule wa fedha unaombana mtu binafsi. Wanaoitetea nafasi hiyo husema, kwa haki, kwamba faida ya shirika la kabila hugawanywa kwa maelfu ya wanakabila na si kwa mmiliki mmoja. Inabaki kuwa neno "jamii za wachache" limefunika hali zisizolingana.

Njia

Njia kubwa kuliko zote inaitwa 8(a), jina lililotokana na namba ya kifungu. Tuchukue mfano wa mama aliyekuja kutoka Goma kama mkimbizi, akapata uraia wa Marekani, na sasa ana kampuni ya usafi wa majengo yenye wafanyakazi 12. Kwanza kampuni yake iwe ndogo, na udogo hupimwa kwa aina ya kazi: kwa kampuni za usafi, viwango vya 2022 viliweka mpaka wa mapato ya wastani ya dola milioni 22 kwa mwaka, kiasi ambacho kwetu kingehesabiwa kuwa ni kampuni kubwa. Pili awe na hisa zisizopungua asilimia 51 na aiendeshe yeye mwenyewe kila siku. Uraia ni lazima, kibali cha ukaazi hakitoshi. Tatu utajiri wake usizidi dola 850,000, bila kuhesabu nyumba anayoishi wala thamani ya kampuni yenyewe, na mapato yake binafsi kwa wastani wa miaka mitatu yasizidi dola 400,000. Nne athibitishe kwamba amerudishwa nyuma kijamii. Akikubaliwa, anapewa miaka tisa, minne ya kulelewa na mitano ya kuzoeshwa kusimama peke yake, na hatairudia tena maishani.

Faida ya 8(a) ni kwamba afisa ununuzi anaweza kumpa kandarasi bila kuishindanisha, mradi thamani yake haizidi ukomo uliowekwa, au akaishindanisha miongoni mwa kampuni za 8(a) peke yake. Kisheria SBA ndiyo inayotia saini na wizara, kisha huikabidhi kazi kampuni. Bei haipandishwi kwa kumhurumia mtu. Sheria inataka iwe bei ya haki ya soko.

Njia nyingine haitazami asili ya mtu kabisa. Afisa ununuzi akiona kuna sababu ya kutarajia kwamba kampuni ndogo mbili au zaidi zenye uwezo zitaleta bei ya haki, anatakiwa azizuie kampuni kubwa kuomba zabuni hiyo na kuziachia ndogo peke yake. Hii inaitwa kanuni ya wawili, na ndiyo inayoingiza wageni wengi kuliko wanavyojua. Vilevile kampuni kubwa inayoshinda kandarasi nono hutakiwa kuwasilisha mpango unaoonyesha ni sehemu gani ya kazi itazigawia kampuni ndogo. Mpango ukishatiwa saini, ufuatiliaji wake umekuwa hafifu: wapo waliotajwa majina wakati wa kuomba zabuni, jina likasaidia kushinda, kisha simu haikupigwa tena.

Kinga dhidi ya ujanja wa upande wa pili ipo pia. Katika kandarasi ya huduma iliyotengwa kwa biashara ndogo, mshindi hawezi kuzilipa kampuni zisizo za aina yake zaidi ya nusu ya fedha. Bila sharti hilo mama yetu angekuwa jina la mbele tu, kazi ikifanywa na kampuni kubwa nyuma yake, naye akibakiwa na asilimia ndogo ya kuazima uso wake.

Ilikotoka

Kifungu cha 8(a) hakikutungwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi. Mizizi yake iko katika Vita vya Pili vya Dunia, pale serikali ilipohofia kwamba viwanda vidogo vitakufa kwa sababu kandarasi za silaha zote zilikwenda kwa viwanda vikubwa. Ikabuni utaratibu wa wakala wa serikali kuchukua kandarasi na kuigawanya kwa wadogo. Kifungu kilikaa katika sheria ya 1953 bila kutumiwa sana. Baada ya ghasia zilizowaka katika miji ya Detroit, Newark na mingineyo mwaka 1967, maofisa waliokuwa wakitafuta namna ya kupeleka kazi katika mitaa iliyoungua walikikuta kifungu hicho kimelala, wakakiamsha. Machi 1969 Rais Richard Nixon akaanzisha kwa amri yake ofisi ya kushughulikia biashara za jamii za wachache. Mwaka 1977 mbunge Parren Mitchell wa Maryland alifanikiwa kuingiza katika sheria ya ujenzi wa miradi ya umma sharti la asilimia 10, na mwaka 1978 Bunge likaipa 8(a) msingi wake wa kisheria.

Kisha ikaja kashfa ya Wedtech. Kampuni hiyo ya Bronx, New York, ilipata mamilioni ya dola kupitia 8(a) kutengeneza vifaa vya jeshi kwa madai kwamba mmiliki wake mkuu alikuwa mtu wa asili ya Puerto Rico, ilhali hati za umiliki zilikuwa zimeghushiwa kuficha hisa za mshirika ambaye hakustahili. Rushwa iliyotolewa kuulinda mpango huo ilimfikia mbunge Mario Biaggi, aliyepatikana na hatia mwaka 1988. Bunge likairekebisha sheria na kukaza ukaguzi mwezi Novemba mwaka huo huo, na ni katika marekebisho hayo ndimo lilimoandikwa lengo la asilimia 5. Hivyo lengo na ukaguzi vilizaliwa siku moja, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayeona kwamba makaratasi ya 8(a) ni mengi mno.

Mahakamani

Miezi miwili baadaye, Januari 1989, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu iliyobadilisha mambo, na kesi yenyewe ilitokana na vyoo vya gereza. Jiji la Richmond, Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyopigania utumwa, lilikuwa na wakazi ambao nusu yao walikuwa Weusi, lakini katika miaka mitano iliyoishia 1983 kampuni za jamii za wachache zilipata asilimia 0.67 ya kandarasi kuu za jiji. Baraza la jiji likaamua kwamba kila atakayeshinda kandarasi ya ujenzi azigawie kampuni hizo asilimia 30 ya thamani yake. Kampuni ya mabomba ya J.A. Croson ilikuwa mzabuni pekee aliyejitokeza kufunga vyoo na mikojoleo ya chuma katika gereza la jiji. Ilitafuta msambazaji wa jamii za wachache. Bei aliyoileta ilikuwa asilimia 7 juu ya soko, na ingeongeza gharama ya mradi kwa dola 7,663.16. Croson ikaomba iondolewe sharti, jiji likakataa, kesi ikaanza.

Mahakama ilisema, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba jiji haliwezi kugawa kazi kwa rangi bila kuthibitisha ubaguzi uliofanyika katika soko lake lenyewe la ujenzi, na kwamba kulinganisha idadi ya wakazi na idadi ya kandarasi hakutoshi, kwa kuwa si kila mkazi ni mkandarasi. Iliuliza pia kwa nini orodha ya Richmond iliwataja Waeskimo na Waaleuti, wenyeji wa kaskazini ya mbali kama Alaska, ambao huenda jiji halijawahi kuwa nao. Jaji Thurgood Marshall alipinga kwa uchungu, akiona kwamba historia ya Richmond ilikuwa ushahidi tosha. Tangu hapo miji na majimbo hulipia tafiti ndefu za kuhesabu kampuni zilizopo na zilizo tayari kufanya kazi kabla ya kuthubutu kuweka lengo lolote.

Mwaka 1995 kipimo hicho kikali kikapelekwa kwa serikali kuu pia. Kampuni ya Adarand ilikuwa imeleta bei ya chini kuliko zote ya kuweka vizuizi vya pembeni mwa barabara katika msitu wa taifa huko Colorado, lakini mkandarasi mkuu akampa mwingine kwa sababu mkataba ulimwahidi malipo ya ziada akiajiri kampuni iliyorudishwa nyuma. Mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba kila ubaguzi wa rangi wa kisheria, hata wenye nia ya kuponya, lazima uwe na sababu nzito na utoshe sababu hiyo bila kuzidi.

Fundo lililobaki lilikuwa dhana. Kanuni za SBA zilikuwa zikisema kwamba Mmarekani Mweusi, Mlatino, mwenyeji wa asili au mwenye asili ya Asia anachukuliwa kuwa amerudishwa nyuma kijamii mpaka ithibitishwe vingine. Mtu mwingine yeyote aliruhusiwa kuomba, lakini alete ushahidi wake. Ndiyo maana mama wa Goma, aliyeishi Marekani miaka kumi tu, alihesabiwa kuwa Mmarekani Mweusi sawa na mjukuu wa watumwa wa Virginia. Julai 19, 2023, wiki tatu baada ya Mahakama ya Juu kupiga marufuku matumizi ya rangi katika kudahili wanafunzi wa vyuo, jaji wa shirikisho huko Tennessee aliizuia SBA kutumia dhana hiyo, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Ultima iliyolalamika kwamba kazi iliyokuwa ikiifanyia Wizara ya Kilimo ilihamishiwa 8(a). Mpango wenyewe haukufutwa. Lakini maelfu ya wamiliki waliokuwa ndani yake kwa nguvu ya dhana, na wote waliokuja baada yao, walitakiwa kuandika maelezo ya maisha yao.

Maelezo hayo yana umbo lake. Kusema "nilibaguliwa" hakufai kitu. Mwombaji alitakiwa ataje tukio: lilitokea lini na wapi, nani alifanya nini, kwa nini anaamini sababu ilikuwa asili yake, na lilimdhuru vipi katika elimu, kazi au biashara. Afisa wa benki aliyemkatalia mkopo wa mashine ya kupigia deki akampa mwenzake mwenye mizania dhaifu zaidi; msimamizi wa jengo aliyemwambia kwa simu aje, kisha alipomwona akasema nafasi imejaa. Wengi waliona uzito wa kuchimbua mambo waliyokuwa wameamua kuyasahau ili kuyapanga katika aya za ofisi. Nami naelewa uchungu huo, ila nakiri kwamba neno lilivyo katika sheria yenyewe linamzungumzia mtu aliyepatwa na ubaguzi, na kanuni ndiyo iliyomgeuza kuwa kundi. Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani nayo iliondoa dhana kama hiyo katika mpango wake wa barabara na viwanja vya ndege.

Kwetu

Msomaji wa Nairobi au Dodoma ataona mfanano na tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 227, inaruhusu kuwalinda katika ununuzi wa umma watu au makundi yaliyowahi kudhulumiwa kwa ushindani usio wa haki au kwa ubaguzi, maneno yaliyo karibu sana na ya Marekani. Lakini mpango uliozinduliwa Oktoba 2013, unaojulikana kwa herufi AGPO, ulichagua vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kuwatengea asilimia 30. Tanzania, kupitia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, ikiwaongeza wazee. Umri husomwa kwenye kitambulisho; hakuna mahakama inayoombwa ipime kidonda cha mtu. Kwa hiyo ugomvi wa Marekani juu ya nani anastahili haukutukuta kwa ukali ule, na badala yake tuna ugomvi wa malipo. Kijana wa Kenya aliyepewa LPO, yaani hati ya serikali ya kuagiza bidhaa, akakopa kwa mwenye duka la jumla, akapeleka madawati shuleni, anaweza kusubiri mwaka mzima au zaidi huku deni lake likizaa riba. Marekani ina sheria tangu 1982 inayoitaka serikali ilipe ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara iliyokamilika, na ikichelewa iongeze riba bila kuombwa. Kwa kampuni yenye wafanyakazi 12 wanaolipwa kila wiki mbili, sheria hiyo isiyotaja rangi, jinsia wala umri ina thamani kuliko asilimia nyingi.

Turudi kwa yule mama. Tuseme alipita, akapewa kandarasi ya kusafisha jengo la serikali lenye ghorofa sita, akaifanya vizuri, ikarudiwa, na mwaka wa tisa ukafika. Kwa kanuni za 8(a), kazi iliyoingizwa katika mpango hubaki ndani yake, isipokuwa SBA ikubali kuiachilia. Maana yake ni kwamba siku cheti chake kinapokwisha, jengo lile analolijua ngazi kwa ngazi litatangazwa tena kwa kampuni za 8(a) pekee, naye hatakuwa mmoja wao. Atabaki kuwa kampuni ndogo, na kampuni ya mwanamke akiwa na cheti chake, na ataweza kuomba majengo mengine kwa kanuni ya wawili. Wanaomshauri vizuri humwambia aanze kuyaomba hayo mapema, mwaka wa tano, wakati bado ana jengo lake, kwa sababu afisa ununuzi wa jengo la pili atamuuliza kwanza ni kazi gani aliyoishinda kwa kushindana na kila mtu.